Mafiga ya Bi Patima

Njuga ndizo zilizotangulia. Vuai hakuwa ameona paa wala mtu, kilima kilikuwa bado kimemkinga, aliposikia chwa, chwa, chwa ikija kutoka upande wa pili, na moyo ukamruka kwa furaha. "Ngoma!" akajisemea. "Nimewafikia siku ya ngoma." Akakung'uta vumbi kanzuni, akakohoa kusafisha koo, maana Vuai hakupata hata siku moja kusikia ngoma asidhani kwamba inamngoja yeye aje atoe shairi.

Kumbe hapakuwa na ngoma. Alipofika juu alimwona mama mtu mzima amejitwika karai la udongo, njuga zimefungwa kwenye kifundo cha mguu wake wa kushoto. Kila alipokanyaga, zililia. Kila zilipolia, watu waliokuwa njiani walihamia pembeni kwa adabu, kama mtu anavyompisha aliyebeba makaa ya moto.

Vuai alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne. Utunzi alijifunza mwenyewe, na akiulizwa mwalimu wake ni nani, alijibu, "Masikio yangu." Kwao aliondoka kwa hasira: dada yake Mize, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alisinzia katikati ya shairi lake la beti sitini. "Asiyejua thamani yangu hanipendi," alimwambia alipozinduka, akatia mkoba begani. Alifikaje nchi ya Sababuni si jambo la kutuchelewesha. Mtu aliyekasirika hufika mbali.

Kibandani pa kuingilia mji alikuwako askari aliyevaa kofia safi.

"Sababu zipo?" askari akauliza.

"Sababu za nini?"

"Mgeni huyu," askari akacheka. "Hiyo ndiyo salamu yetu, ndugu yangu. Unajibu, 'Zimesimama.' Haya, sasa swali la kazi: unampenda nani katika nchi hii?"

"Nimpende nani nami ndiyo kwanza naingia? Simpendi mtu."

Askari akainuka, akampa mkono kwa heshima. "Hongera. Basi wewe ndiye mwenye akili timamu kuliko sisi sote." Akampa kipande cha ubao kilichochomwa alama ya jiwe, cheti cha utimamu wa daraja la kwanza. Vuai akakipokea kama mtu aliyekwisha kujua kwamba anastahili.

Mjini aliyaona mafiga. Mbele ya kila nyumba palipangwa mawe matatu makubwa kama vichwa, yameoshwa yakang'aa, na hapakuwa na hata chembe ya jivu chini yake. Askari alimweleza walipokuwa wakitembea. Watu wawili wakitaka kuoana, mmoja wao, kwa niaba ya nyumba, husema hadharani sababu tatu za kumpenda mwenzake, na sababu isiyoweza kuonwa na jirani bila kuambiwa haikubaliwi. Kila sababu ni figa. Kila mwaka wakaguzi hupita. Sababu iliyokufa, figa lake hung'olewa na kuviringishwa mpaka mtoni. Yakiondoka mawili, mwenyewe hufungwa njuga ili wenye akili wamsikie mapema. Likiondoka la tatu, chungu kimeanguka: ndoa imekwisha, na atakayeendelea kupenda baada ya hapo ni mwendawazimu, huvushwa ng'ambo ya mto wala harudi.

"Na mtoto mchanga?" Vuai akauliza. "Mama yake anampendea sababu gani?"

"Anapewa siku arubaini azitafute. Wengi husema mtoto analala vizuri."

"Na kama halali?"

Askari akatazama huku na huku. "Hulala," akasema kwa sauti ya chini. "Katika nchi hii watoto wote hulala vizuri. Mimi mwenyewe figa la kwanza la mama yangu ni kwamba nina sauti nzuri. Umeisikia sauti yangu?"

Ilikuwa sauti ya punda aliyekabwa.

Haki isemwe: sheria ile ilikuwa na faida zake. Katika Sababuni hakuna mwanamume aliyempiga mkewe kisha akasema ni wivu wa mapenzi. Angeulizwa hilo ni figa la ngapi. Hakuna binti aliyeozwa kwa kuwa wazee wamekubaliana tu. Wazee waliotunga sheria walikuwa wamechoka kuona watu wakichinjana kwa jambo wasiloweza kulieleza, wakaona afadhali lielezwe. Lakini Vuai aliona pia marafiki wawili wakikwepana barabarani, akaambiwa wamesahau kwa nini walipatana, na mpaka wakumbuke si salama kuonana. Aliona mzee akimpaka mkewe wanja haraka haraka, kwa kuwa wakaguzi wamekaribia, na figa lake la pili lilikuwa macho ya yule bibi. Bibi mwenyewe alikuwa haoni tena.

Askari alimpeleka mgeni alale kwa wenye njuga, kwa kuwa huko ndiko vyumba vilikuwa vitupu. Hakuna aliyewatembelea. Nyumba ilikuwa ya yule mama wa karai, Bi Patima. Nje palibaki figa moja tu, limeegemea ukuta. Uani palikuwa na mzee mrefu aliyezama kiunoni ndani ya shimo, akichimba.

"Huyu ni Mzee Ubwa, mume wangu," Bi Patima akasema. "Alikuwa mchimba visima. Nusu ya mji huu inakunywa maji yake. Sasa akili imemtembea. Kila asubuhi anachimba hapo, kila alasiri mimi nafukia. Ukiuliza majirani watakwambia ni wazimu. Mimi nawauliza, ndoa gani isiyo hivyo?"

Akamwekea Vuai muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga. Vuai alikuwa na njaa ya safari, lakini alikwisha kushika desturi ya mahali.

"Mama, unanilisha kwa sababu gani?"

"Una njaa."

"Hiyo ni sababu moja tu."

"Basi kula theluthi," Bi Patima akasema, akaondoka. Vuai akacheka peke yake, akala chote. Tangu aondoke kwao hakuwa amecheka.

Alipomaliza, mwenyeji alimweleza kilichomkabili. Siku ya ndoa yao, miaka arubaini nyuma, alisema sababu tatu. Ubwa husikia maji chini ya ardhi. Ubwa humchekesha. Ubwa humwita Tone, jina asiloitwa na mtu mwingine yeyote duniani. Figa la kwanza liling'olewa mwaka juzi, Ubwa alipochimba penye mwamba siku nne. La pili lilikwenda mwaka jana, mizaha ilipomtoka. Sasa wakaguzi wangekaa barazani baada ya siku tatu kumuuliza mzee jina la mkewe, naye hakulijua. Asubuhi ile alimdhani mkewe ni mpita njia.

"Wakisema chungu kimeanguka, yeye anapelekwa Nyumba ya Mapumziko, mimi navushwa mto," alisema. Hakulia. Alikuwa anakuna nazi nyingine. "Kule wanamlisha vizuri, sisemi. Lakini hawatamwacha achimbe. Na yeye asipochimba hawezi kulala."

"Utajitetea?"

"Mwenye njuga maneno yake hayahesabiwi barazani. Anatakiwa msemaji mwenye akili timamu, asiyependa mtu hapa. Na hapa kila mtu anampenda mtu, hata akificha." Akamtazama kijana. "Nasikia umepewa daraja la kwanza."

Basi Vuai akaona Mungu amemfungulia mlango. Kesi ya roho, baraza zima, na yeye katikati! Akamwambia Bi Patima asiwe na shaka hata kidogo. Angempa Mzee Ubwa jina ndani ya shairi, kwa kuwa anayesahau maneno hasahau mahadhi. Hilo alilijua tangu utoto. Akatunga hivi:

*Kisimani nichimbapo, na mikono ichokapo,*
*Jua kali liwakapo, na kiu inishikapo,*
*Tone ndiwe uliyepo, Tone ndiwe wangu Tone.*

Siku tatu alikaa ukingoni mwa shimo akimwimbia mzee. Mzee aliimba naye akichimba, akakosea, akarudia, na siku ya tatu akaimba bila kukosea hata mara moja. Vuai akampigia makofi kwa furaha, na kusema kweli makofi mengine alijipigia mwenyewe. Siku zote tatu hakumuuliza Bi Patima neno lingine lolote. Mama wa watu alipita na karai lake, akamwangalia, akapita.

Siku ya baraza watu walijaa. Wakaguzi saba walikaa kwenye jamvi, wote wanaume, wote kanzu nyeupe zisizo na doa. Katikati yao alikaa Bwana Mngwali, Mkaguzi Mkuu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole na mwenye subira, na alikwisha kuangusha vyungu vya watu miaka ishirini bila kumtukana hata mmoja wao.

Vuai akasimama, akatoa utangulizi wa beti tisa. Watu walitikisa vichwa kwa utamu wake, na kina mama wawili wakafuta machozi.

"Shairi zuri mno," Bwana Mngwali akasema. "Tunashukuru. Sasa tuione sababu."

Vuai akamsogeza Mzee Ubwa mbele. "Baba, haya. Kisimani nichimbapo."

Mzee akainua kichwa, akaimba. Sauti yake ilikuwa nene na safi. Aliimba mstari wa kwanza, wa pili, akafika wa tatu, na kwa mapenzi makubwa akanyoosha mikono yake yote miwili kumwelekea Bwana Mngwali. "Tone ndiwe uliyepo," akamwimbia usoni, "Tone ndiwe wangu Tone."

Baraza likapasuka kwa kicheko. Askari wa kibandani alicheka kwa ile sauti yake mpaka akashikwa na kikohozi. Bwana Mngwali akangoja watu watulie.

"Mimi si Tone, mzee wangu."

"Si wewe?"

"La. Mimi ni Mkaguzi Mkuu."

"Ah," Mzee Ubwa akasema kwa huruma. "Pole, mwanangu."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Lakini Vuai hakukisikia vizuri, kwa kuwa alikuwa amemtazama Bi Patima. Yeye hakucheka wala hakununa. Alikuwa amekwenda kumfunga mumewe kifungo cha kanzu kilichofunguka alipokuwa akiimba. Na Vuai akaona alichokifanya. Alikuwa amemfundisha mzee jina kama kasuku, na ameligeuza jina la watu wawili kuwa kichekesho cha mji. Figa la mwisho alilivunja yeye, kwa shairi lake zuri.

Vijana wawili wakaondoka barazani kwenda kuling'oa.

"Msemaji ana neno jingine?" Bwana Mngwali akauliza.

Kijana yule aliyejibu kila kitu akaanza ubeti, akauacha. Akageuka. "Mama," akasema polepole, "nimekukosea. Mimi sina neno. Kama unalo, nipe nilibebe tu. Sitaongeza wala sitapunguza."

Bi Patima akamsogelea. Kisha akamnong'oneza, na Vuai akasema kwa sauti, bila mahadhi, bila mkono kupanda hewani:

"Bi Patima anauliza, kati yenu wakaguzi, ni nani amewahi kupika?"

Wakaguzi wakatazamana. "Kupika ni kazi ya jikoni," mmoja akasema. "Hapa tunazungumza mafiga."

Nyuma ya baraza kina mama wakaguna kwa pamoja.

"Anauliza, figa hubeba chungu wakati gani?"

"Wakati wote," akajibu mkaguzi mdogo kuliko wote, kwa haraka ya mtu anayejua.

"Wakati wote!" bibi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Utakula mkaa, mwanangu!"

Bi Patima akaendelea kunong'ona, na Vuai akaendelea kubeba. "Anasema: chungu hukaa juu ya mafiga kinapopikwa. Wali ukiiva, huepuliwa. Kinawekwa chini, kwenye kata ya majani makavu, watu wanakizunguka. Mafiga yanapoa, kuku wanayarukia. Hajatokea mpishi akalia kwamba mafiga yamepoa. Ukikiacha juu, kinaungua." Akapumua. "Anasema: mwaka juzi mlikuja mkaviringisha jiwe langu, mwaka jana mkaviringisha jingine, na leo mmetuma watu waling'oe la tatu. Kila mwaka mlitazama mawe. Hakuna aliyefunua kifuniko akatazama ndani. Chungu chetu hakijaanguka. Kimeepuliwa. Sisi tunakula."

Bwana Mngwali akainama mbele, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini akamsemesha mwenye njuga moja kwa moja. "Mnakula nini, Bi Patima? Mtu huyu hakujui."

Bi Patima hakunong'ona tena, akajibu mwenyewe, wala hakuna aliyemzuia. "Kweli hanijui. Asubuhi ananiuliza mimi ni nani, namwambia mpita njia. Basi ananiambia, karibu, mama, jua kali, kaa kivulini unywe maji. Anatoka shimoni na udongo wake wote, anaingia ndani, ananiletea kata ya maji. Kila siku, Bwana Mngwali. Hanijui, na kila siku ananipa maji."

"Na hiyo ndiyo sababu yako?"

"La, baba. Hiyo ni shibe."

Yaliyofuata watu wa Sababuni wanayasimulia mpaka leo kwa namna tofauti, lakini hukumu yenyewe ilichomwa kwenye ubao na haina ubishi. Bwana Mngwali alikumbusha kwamba kanuni ya kwanza ya nchi inamkataza mtu kuhukumu asichokijua. Akawauliza wenzake mmoja mmoja kama wanajua kupika. Walipokana wote saba, naye akiwamo, akatamka kwamba kesi imesimamishwa mpaka kila mkaguzi apike chungu kimoja kwa mikono yake mwenyewe, kiive, kiepuliwe, kiliwe. Mpaka hapo, Bi Patima na mumewe wakae kwao.

"Watachukua muda gani?" Vuai akamuuliza askari.

"Wale? Kwa kiburi kile cha kutoingia jikoni?" Askari akahesabu kwa vidole, akaacha. "Mzee Ubwa atakuwa amekwisha kwenda zake kwa salama."

Lakini alfajiri iliyofuata moshi ulionekana uani kwa Bwana Mngwali. Mkaguzi Mkuu alikuwa amepiga magoti, anapuliza moto wa kuni mbichi, machozi yanamtiririka, na mkewe ameketi juu ya kinu anamtazama kama mtu anayetazama mvua ya kwanza. Watu walisimama uani kwa adabu. Wali uliungua. Mkewe aliula wote, na majirani walipomuuliza kwa sababu gani, aliwaambia waende makwao.

Siku hiyo hiyo Vuai alifunga mkoba. Njia nzima ya kutoka barazani alikuwa amemfikiria Mize. Aliikumbuka jioni ile ya beti sitini jinsi ilivyokuwa kweli, si jinsi alivyopenda kuisimulia. Mize alikuwa ametoka kutwanga mtama wa watu tangu asubuhi. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge. Angeweza kwenda kulala kitandani, lakini alikuja kukaa karibu yake, na usingizi ulipomshika aliegemea bega la mdogo wake na hakuondoka. Mtu hulala hivyo mahali anapojiona salama. Na alimlea miaka kumi na minane kabla hajajua kutunga hata mstari mmoja. Vuai akasema, "Alhamdulillahi," akasema tena, akahisi aibu na furaha vimechanganyika kifuani kama maziwa na chai. Alitaka afike kwao haraka.

Akatoka uani kuaga. Bi Patima alikuwa anafukia shimo la jana, kwa kuwa mambo ya baraza yalimchelewesha. Mzee Ubwa alikuwa amekaa pembeni, jembe magotini, anangoja kwa subira mahali pake pa kuchimba pawe tayari kwa kesho. Vuai akaweka mkoba chini, akachukua karai mikononi mwa mama. Walifanya kazi kimya mpaka udongo ukawa sawa, akaushindilia kwa miguu.

"Kijana hodari huyu," Mzee Ubwa akasema. "Wewe ni nani?"

"Mimi Vuai, baba."

"Simjui Vuai." Mzee akatabasamu. "Una kiu?" Akainuka kwa tabu, akaenda ndani, akarudi na kata ya maji, nusu imemwagika njiani. Vuai akanywa yaliyobaki. Yalikuwa na mchanga kidogo, na hakupata kunywa maji matamu kama yale.

"Ahsante, baba."

"Kesho nachimba hapa," mzee akasema, akionyesha pale pale. "Kuna maji chini. Mwenzangu amechoka, unamwona. Utakuja kufukia?"

"Usimhangaishe mgeni, Ubwa," Bi Patima akasema. "Ana safari." Kisha kwa Vuai, kwa sauti ya chini, "Mwambie ndiyo uende zako, mwanangu. Kufikia adhuhuri atakuwa amesahau kwamba alikuuliza."

Vuai akautazama mkoba wake. Njia ilikuwa nyeupe, na jua lilikuwa bado la asubuhi. Mize angengoja siku moja zaidi. Kumngoja alikwisha kuzoea. Akachutama mbele ya mzee mpaka macho yao yakalingana, akaishika mikono yake yenye udongo, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Nitakuja, baba. Kesho asubuhi utaniuliza mimi ni nani, nami nitakwambia, na utakapomaliza kuchimba, mimi ndiye nitakayefukia."